Kalafati na Hakimu

Ushongo, kusini mwa Mto Pangani, mtu akiona mashua ya jirani inavuja hupiga kelele. Nahodha hufua maji, kisha huita fundi wa kalafati azibe nyufa. Hakuna anayemuuliza mpiga kelele alichungulia kwa kibali cha nani.

Mtandaoni kuna ustaarabu zaidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 humtoza aingiaye kwenye mfumo wa kompyuta isivyo halali faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote.

Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alikamatwa Desemba 2016; hakutaka kuwataja wapiga kelele wake. Aprili 2020 akahukumiwa kwa sheria hiyohiyo, kwa kuzuia uchunguzi: milioni 3 au mwaka jela. Fedha hiyo ingenunua pamba nyingi ya kalafati.