Unadaiwa, Unadaiwa, Unadaiwa

Asubuhi hii, pale sokoni Mwaloni Kirumba, mama mmoja amenishikia simu usoni mbele ya wapakiaji wote wa magunia ya dagaa. “Soma. Kwa sauti.” Nikasoma: Ndugu mteja, unadaiwa Sh 42,000. Akasogeza kidole. Ndugu mteja, unadaiwa Sh 42,000. Akasogeza tena. “Mbona unanyamaza? Si zako hizi?” Wapakiaji wakaanza kunipokea, kufikia ya kumi walikuwa wanaitikia kama kwaya.

Programu iliyotuma meseji hizo ni ya shangazi, anayeuza dagaa kwa jumla. Nimemwandikia kwa Python, lugha ya kompyuta aliyoitoa Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991. Ipitie daftari la wateja: asiyedaiwa imwambie dagaa wa Ukerewe wamefika, anayedaiwa imkumbushe deni, habari ya dagaa iiruke, iende kwa mwingine.

Hapa nivumilie, maana ndipo penye utamu. Mzunguko wa while, unaorudia kazi ileile kwa kila mteja, haujui umefikia mteja wa ngapi. Ni lazima uuambie: ongeza moja. Agizo hilo lilikaa mstari wa mwisho kabisa. Sasa, amri ya break huuvunja mzunguko ukatoka nje. Amri ya continue haikutoi. Inakurudisha juu, na kila kilichoandikwa chini yake kinarukwa. Chote, pamoja na ile moja ya kuongeza! Basi mashine ikamtumia mama meseji, ikakutana na continue, ikarudi juu, ikauliza nani anafuata, ikajibiwa: yuleyule. Ikamtumia tena, kwa utii wa ajabu. Waliokuwa chini yake daftarini hawakupata hata salamu. Mzunguko wa for, unaochukua jina linalofuata wenyewe, usingemdhuru mtu.

Kilichotuokoa ni salio kuisha. Kampuni ya meseji ilikata hela usiku kucha bila kushangaa mbona namba ni ileile.

Mchana nikaweka break mahali pa continue: mdaiwa wa kwanza akapata meseji moja, kazi ikafungwa.

Vicheko nimevizoea. Lililoniuma ni kwamba yule mama hakudhani mashine imeharibika. Alidhani ni kausha damu, wale wakopeshaji wa kwenye simu. “Mimi sijakopa kwenye simu,” alikuwa anarudia, “mimi nadaiwa dagaa tu.” Na ana haki ya kuogopa. Wakopeshaji wale hutuma meseji na kupiga simu hadi kwa mashemeji na mabosi, mpaka ulipe kwa aibu, na kwao hakuna continue iliyokaa vibaya. Mtu ameketi, akauandika mzunguko ule makusudi, akaujaribu, akalipwa mshahara. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. 69!

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujabonyeza kukubali mkopo, ulizia kwanza kama wakopeshaji wana leseni ya Benki Kuu. Ukishawaruhusu kusoma majina yaliyomo kwenye simu yako, break hawatakuwekea.