Gari ni langu, mlio ni wao

Ndani ya gari langu anaishi dada wa Kijapani. Kila nikiwasha, ananikumbusha kwa adabu kubwa kwamba sijaweka kadi ya kulipia barabara za kwao. Kadi hiyo haina kazi popote kati ya Mbagala na Bunju, na foleni ya Mwenge bado ni ya bure, ingawa nisiseme kwa sauti. Dada huyu namsamehe, hajui kama alishavuka bahari. Redio nayo ilikuja na masafa ya kwao, ambako kwa magari ya umri wake FM huanzia 76 na kuishia 90, pale pale ambapo stesheni zetu nyingi ndiyo kwanza zinaanza kupanga foleni hadi 108. Nikanunua kidude cha kuongezea masafa, yakaisha.

Ninachogombana nacho ni mlio wa rivasi. Gari hili likirudi nyuma hulia pii, pii, pii, na hulilia ndani. Huko nje, kwa mama ntilie, bodaboda na kuku wa jirani, kimya kabisa. Anayepigiwa kelele ni mimi, mtu pekee asiye na haja ya kuambiwa kwamba nimeweka rivasi, maana niliiweka mwenyewe.

Na mlio huo unazimika! Si kwa kukata waya, hapana. Kampuni za magari zina programu za kompyuta wanazowapa mafundi wao, na ndani yake hamna kupima ubovu tu. Kuna ukurasa mzima wa mapendeleo ya mwenye gari: rivasi ilie mara moja au mfululizo, milango ijifunge gari likianza kutembea au isubiri, taa ya ndani ikae sekunde ngapi kabla ya kuzimika. Mapendeleo yangu hayo, yameandikwa na mtu, yakapangwa vizuri, halafu yakafichwa nisiyaone.

Nilikwenda kwa wakala nikaomba kununua hiyo programu. Kijana wa mapokezi alinitazama kuanzia viatu. "Mzee, hiyo ni ya wataalamu." Kisha akanipigia hesabu ya kuzimiwa mlio, pamoja na VAT.

Hoja yao kubwa ni usalama, na sitaibeza yote. Mifuko ya hewa ina baruti ndani yake. Mchokonozi kama mimi, ambaye Jumamosi wenzake wakitazama mpira yeye amefungua boneti, asiisogelee. Breki, vivyo hivyo. Sehemu ya kuandikisha funguo mpya ikiachwa wazi, wa kwanza kushukuru watakuwa wezi. Wafunge huko, waongeze na komeo. Lakini pii, pii? Nani amewahi kufa kwa kukosa pii? Wakija na kisingizio kwamba mteja atazima mlio wa mkanda, waje waone madereva wetu wanaoufunga mkanda nyuma ya mgongo, wakaukalia, safari ikaendelea bila kompyuta yoyote.

Wenzetu walishapita hapa. Marekani, tangu 1996 kila gari dogo jipya linatakiwa liwe na soketi ya aina moja karibu na usukani, ili hata gereji ya uchochoroni iweze kulipima. Kampuni moja ya Kanada ikatengeneza chipu ya kusomea soketi hiyo, ELM327, na toleo la kwanza ikaliuza bila kulikinga lisinakiliwe. Wachina hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Ndiyo maana leo Kariakoo unapata kidude chenye nakala ya chipu hiyo kwa bei ya kuku wa kienyeji. Ninacho. Kinasoma makosa ya injini na kuzima taa yake mpaka kesho asubuhi, ila kwenye ukurasa wa mapendeleo hakinifikishi. Mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts, zaidi ya wanane kati ya kila kumi, waliamua kampuni ziwauzie wenye magari na gereji huru taarifa na zana zilezile wanazopata mawakala. Mmarekani leo anaweza kulipia programu ya kampuni kwa siku chache tu, kama chumba cha gesti.

Usidhani kampuni hazijui thamani ya menyu hizi. Mwaka 2022 BMW iliwawekea Waingereza bei ya pauni 15 kwa mwezi wapashwe makalio na viti ambavyo vifaa vyake vya joto tayari vilikuwamo garini. Makelele yakawa makubwa, mwaka uliofuata ikaacha. (Mkazi wa Dar angelipa mara mbili ili kiti kisipate moto.) Wengine wamegundua ujanja wa kutoa huku wanakataa. Apple ilipoanza kuwakodishia wateja wa Marekani zana za kutengeneza simu zao, mwandishi mmoja aliyetaka kubadili betri ya simu ndogo alitumiwa masanduku mawili ya kilo 36 hivi kwa jumla, kodi dola 49 kwa wiki, na dola 1,200 zikashikiliwa kwenye kadi yake mpaka arudishe. Sitaki masanduku. Nataka ukurasa mmoja, nilipe, nipewe risiti.

Risiti ndiyo shida, kwa sababu bila risiti programu hiyo imejaa mjini. Kufuli la kampuni limemzuia mtu mmoja tu, yule aliyekwenda mlango wa mbele na pesa mkononi. Hivyo nikaishia gereji bubu, chini ya mwembe, kwa kijana mwenye laptopu iliyopasuka kioo. Alichomeka waya, akabofya, akabofya tena, pii ikafa. Soda yangu ilikuwa bado nusu.

Nikasogea. "Mdogo wangu, hebu nionyeshe huo ukurasa, na mimi nijifunze."

Akaigeuza skrini upande wake.

"Hapana, mzee. Hii ni ya mafundi."