Mkaguzi Ausifiwe

Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ikitangazwa tu, mwenye Noah namba A hapa Kyela anakumbuka kwamba ana msiba Mwakaleli. Gari linafichwa nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, na maturubai juu. Mimi naona ukaguzi umeonewa vya kutosha. Acha leo niusifu.

Tuanze na asili. Huko Japani gari jipya linakaguliwa likifikisha miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukijumlisha kodi na bima, shughuli yenyewe inauma mfukoni. Mjapani anapiga hesabu, anaona heri auze. Gari linapandishwa meli, linashuka Dar es Salaam, linapanda Kitonga, linapita Uyole, linateremka Tukuyu, na miaka ikisonga linajikuta limebeba mpunga na kakao kutoka Ipinda, na mama watatu juu ya magunia. Bila mkaguzi wa Japani, Matema tungeendea nini? Gari lilimkimbia mmoja likavuka bahari nzima, likaja kumkuta mwenzake kasimama juani na kalamu mkononi.

Halafu ni nani mwingine anayeujali mkweche? Mwaka mzima indiketa ya kushoto ni mkono wa kondakta, na hendibreki ni jiwe la utingo. Mvua za Kyela, hasa kuanzia Machi hadi Mei, zimekula sakafu hadi abiria wa nyuma anaiona lami ikipita. Wiki hiyo moja tu ndipo sakafu inapata kipande cha bati, juu yake zulia, juu ya zulia gunia. Fundi anachomelea, anapiga puti, anapaka rangi inayokaribiana na ile ya zamani ukiitazama jioni.

"Fundi, hapa patashika?"

"Patashika, mzee wangu. Mradi afande asipabonyeze."

"Ndaga, fundi."

Kuhusu breki nitapunguza utani. Kutoka Tukuyu hadi huku kwenye tambarare ya ziwa barabara inashuka zaidi ya mita 1,000, kona baada ya kona, katikati ya chai na migomba, na dereva anayeokoa mafuta hupenda kuzima injini ateleze. Injini ikizimwa, msaada wa breki nao unakwisha baada ya kukanyaga mara chache, usukani unakuwa mzito, na kazi yote inabaki kwa pedi zilizokwisha kuwa kama kaki. Harufu yake unaisikia kabla hujaliona gari. Kwa hiyo afande anapokwambia, "Kanyaga, shikilia," kisha anainama kutazama kama kuna kinachovuja kwenye tairi, mimi ninayepanda hayo magari namwombea maisha marefu.

Wapo wanaosema sheria yenyewe imezeeka. Kweli, Sheria ya Usalama Barabarani ni ya 1973. Imeyazidi umri karibu magari yote inayoyasimamisha. Lakini yenyewe bado inawaka asubuhi bila kusukumwa.

Fadhila kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni ujirani. Siku za kawaida madereva wa stendi wanagombania abiria hadi kuchaniana mashati. Siku ya ukaguzi wanageuka ndugu. Pembetatu za akiba zinaazimwa, tairi la spea lenye meno linazunguka kutoka gari hadi gari, na mtungi wa kuzimia moto, mwekundu, umefutwa vumbi vizuri, unakaguliwa mara nyingi kuliko mtungi wowote duniani. Noah ikishabandikwa stika, mtungi unashushwa upande wa pili, unapita chini ya madirisha, unapandishwa kwenye Probox iliyo nyuma kwenye foleni. Dereva wa Probox anaupokea, anaupima uzito, ananong'ona, "Na jeki je, mmemwachia nani?"