Bata Mzinga Kanilaza Bafuni

Jirani, mtu akikualika Thanksgiving huku Marekani, nenda. Kula, shukuru, sepa. Ila asikudanganye mtu uipike nyumbani kwako.

Sisi miaka yote siku hiyo tunapika pilau letu, tunakula, tunalala. Hapa Minnesota mwezi wa Novemba baridi inang'oa masikio, nani anataka makuu? Mwaka jana binti yangu, yuko darasa la tatu, akarudi shule kanuna. Kumbe watoto wote wametaja wanachokula Thanksgiving, yeye akasema pilau. Mwalimu akamwambia "vizuri sana". Eti hiyo "vizuri sana" ndiyo iliyomuuma. Mama yake akanitazama. Mama mkwe, kaja kututembelea kutoka Moshi, naye akanitazama. Unajua tena. Nikachukua funguo za gari, nikaenda kununua bata mzinga.

Mimi mbeba boksi, vitu vizito navijua. Lakini yule bata mzinga! Ratili 20, kama kilo 9 hivi. Nilibeba mkubwa kwa sababu wiki ile wanawauza bei ya kutupa, na mimi kwenye bei ya kutupa huwa siulizi maswali. Nafika naye nyumbani Jumatano jioni, sherehe Alhamisi. Nikamgonga na kijiko. Ngo, ngo. Jiwe. Mke wangu akasoma maandishi ya kwenye nailoni: ukimweka kwenye friji, kila ratili nne au tano zinataka siku nzima kuyeyuka barafu. Hesabu akapiga binti. "Baba, tutakula Jumatatu."

Njia ya mkato ipo. Maji ya baridi, nusu saa kwa kila ratili, na maji yenyewe unayabadilisha kila nusu saa. Masaa kumi hayo! Kwenye sinki hakuenea. Kwenye ndoo hakuenea. Akaishia kwenye beseni la kuogea. Nani akeshe naye? Mke kachoka. Mama mkwe mgeni. Mtoto mtoto. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kaja na begi na kandambili zake, akasema mgongo unamsumbua. Basi jirani, nimekesha bafuni, nimekalia choo, nimejitanda taulo, alamu ya simu inalia kila nikianza kusinzia. Usiku wa manane shemeji kabanwa, akabisha hodi. "Shem, naomba mnipishe." Nikampisha. Bata akabaki.

Kilichonipa nguvu ni kitu kimoja tu: firigisi. Mila unaijua. Kuku akichinjwa, firigisi ya baba. Sasa huyu wa kilo 9 si ana firigisi ya baba na babu yake! Alfajiri barafu imelegea, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nikakuta kimfuko. Wamefunga humo shingo, moyo, ini na firigisi yangu, safi, imeshaoshwa. Nikasema Wamarekani hawa kumbe wana adabu. Nikaiweka kwenye sahani, nikaifunika, nikaenda kulala.

Naamka mchana, nyumba inanukia. Binti kashika tableti, anatoa amri. Bata hatoki kwenye oveni mpaka nyama ifike nyuzi 165 za Fahrenheit. Nikaleta kipimajoto, kile tunachomwekea yeye kwapani akiwa na homa. Walinifukuza jikoni wote watatu. Sebuleni nako shemeji kajilaza kwenye kochi langu, anaangalia timu ya Detroit Lions, eti siku hii wanacheza tangu 1934. Mpira gani ule? Wakikimbia hatua tatu wanasimama, wanafanya kikao.

Mezani sasa. Viazi vitamu wamevifunika na peremende laini nyeupe, zimeungua juu. Kuna jamu nyekundu ya kranberi, imetoka kwenye kopo ikasimama vilevile na umbo la kopo, hata mistari ya bati inaonekana. Boga wamelifanya pai. Nikaulizia pilipili. Binti akasema leo hailiwi. Halafu akaanza kuhutubia: mwaka 1621, pale Plymouth, wahamiaji wa Kiingereza walikula pamoja na wenyeji, Wawampanoag. Rais Lincoln akaja kutangaza siku ya shukrani kwa nchi nzima mwaka 1863. Lincoln ninayemjua mimi ni yule wa kwenye noti ya dola tano, na huwa hatukai naye muda mrefu. Nikauliza, hao wenyeji waliokuja kunyang'anywa ardhi, wao wanashukuru nini? Mke wangu akanikanyaga chini ya meza.

Nikatafuta sahani yangu. Haipo. Nikauliza kwa upole. Mama mkwe akatabasamu.

"Nimeikatakata kwenye mchuzi, baba. Mjukuu kasoma, huku ndivyo wanavyofanya."

Firigisi! Angekuwa mtu mwingine ningeitisha kikao cha ukoo. Lakini mama mkwe utamwambia nini? "Umefanya vizuri sana, mama."

Wakaanza kushukuru, kila mtu kwa zamu. Mama mkwe akamshukuru Mungu kwa viza. Mke wangu akamshukuru mama yake. Binti akamshukuru bata kwa kujitolea. Shemeji akashukuru kwamba mgongo umeachia. Nikasubiri nitajwe, hata kwa yale maji tu. Wapi! Zamu yangu ikafika, mdomo umejaa nyama ya kifua, kavu, haimezeki. Nikashukuru kwa kichwa.

Shemeji akavuta bakuli la mchuzi, akajimiminia tena, akafumba macho. "Shem, hivi vidude vitamu humu ndani ni nini?"

Huyu bwana najua hali uyoga, tangu nimeoa kwao sijawahi kumwona akiugusa. Nikaona hapa hapa.

"Uyoga," nikamwambia.

"Kumbe mtamu hivi!" akasema, akamalizia bakuli.