Nguruwe Hakusubiri Nimalize

Likizo ya mwezi wa sita nilikwenda Namawala kumsaidia dada yangu kulinda mpunga. Neno "kumsaidia" yeye analipinga hadi leo. Mchana kazi ni kuamia ndege, usiku ni nguruwe pori, na saa zinazobaki ni za kukaa juu ya dungu na mpwa wangu wa miaka tisa. Yeye alikuwa na simu ya baba yake, na memori kadi iliyojazwa katuni Ifakara mjini.

Jioni moja tulikuwa kwenye Dragon Ball Z. Frieza, yule adui mweupe mwenye mkia, alitangaza kwamba sayari ya Namek italipuka baada ya dakika tano. Nikashuka, nikabandika maharage. Nikapanda tena: bado dakika tano. Maharage yakaiva, tukala, nikasuuza sufuria mferejini, na shujaa Goku na Frieza bado wanaelezana nani alimdharau nani. Dakika tano zile zilikula vipindi kama kumi.

"Mjomba," akauliza mpwa wangu, "kwa nini asimpige huku anaongea?"

Sasa mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Ukiniuliza saa ngapi, naanza na asili ya jua.

Nikamwambia kuchora ngumi ni ghali. Mwaka 1963 Osamu Tezuka alipoanza kurusha Astro Boy kwenye televisheni ya Japani, kila wiki alitakiwa atoe kipindi kizima na fedha zenyewe za kuungaunga. Akapunguza michoro: mwili umetulia kama sanamu, kinachocheza ni mdomo tu. Mtu akirusha teke, inabidi achorwe mzima, tena na tena. Akihutubia, unahitaji midomo michache: umefumba, nusu wazi, wazi. Ndiyo maana steringi wa katuni anaongea kama diwani aliyepewa kipaza sauti. Tena Dragon Ball Z, iliyoanza 1989, ilikuwa inafuata hadithi ya Akira Toriyama ambayo mwenyewe alikuwa bado anaitoa kila wiki kwenye jarida. Katuni ikienda mbio inamkuta hajafika mwisho. Ni kama mgeni aliyefika kabla wali haujaiva: anaulizwa habari za safari, za watoto, za mvua, za shangazi ambaye hata hamjuani, ilimradi moto ufanye kazi yake.

"Kwa hiyo anapoteza muda."

"Anavuta muda," nikamsahihisha. "Hata kwetu yupo wa hivyo." Nikamhadithia shujaa wetu Fumo Liyongo, alivyokuwa kifungoni Pate, mama yake akampelekea mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Watu wakacheza gungu, wakapiga matoazi, yeye akaimba nao huku anakereza pingu, na hakuna aliyesikia chuma kinakatika. Huyo alijua mdomo ni wa nini.

Nilitaka kuendelea na majigambo, ambayo nayafundisha kila mwaka, na vibanda umiza vya video vya utoto wangu, ambako mtafsiri Lufufu aliwasemea mashujaa wa Kichina mpaka wale waliokaa kimya kwenye filamu wakatoka na hotuba za Kiswahili fasaha. Lakini mpwa alikuwa amekwisha kulala, na mbu wamefika. Hapa Namawala mbu ndiye mpiganaji pekee anayejitangaza kabla ya kushambulia. Watafiti wa Ifakara wanamfuata hapa tangu mtoto huyu hajazaliwa, na bado anaimba. Nikashusha chandarua.

Saa nane usiku nikasikia mpunga unachakachika. Mpwa akanong'ona: "Nguruwe, mjomba. Vuta kamba."

Kamba imefungwa kwenye debe lenye mawe, kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. Ila mimi nilikuwa bado nimejaa Liyongo. Nikachukua tochi, nikavaa ndala, nikashuka hadi kwenye tuta la jaruba. Nikammulika. Akainua pua, masuke yananing'inia mdomoni. Ananitazama. Miaka kumi na mbili ya ualimu, sijawahi kupata darasa lililotulia vile.

"Wewe!" nikaanza, kwa sauti ya paredi. "Unajua mpunga huu umelimwa na nani?"

Akatafuna.

"Umelimwa na mwanamke mmoja, kwa jembe la mkono!" (Si kweli. Walikodi trekta.) "Jua lake, mvua yake, mgongo wake! Kwa hiyo kwanza nakuonya, pili nakupa dakika..."

Sikufika kwenye tano. Kumbe nilikuwa nimesimama kwenye njia yake ya kutokea. Alikuja chini chini kama gunia lililosukumwa kutoka kwenye lori, nami nikampisha kwa upande usiokuwa na tuta. Huku bondeni maji yalikuwa hayajakauka. Nilipotoa kichwa kwenye tope, tochi ilikuwa inawaka chini ya maji, ikimmulika chura, na nguruwe amekwenda kuendelea kula jaruba la pili.

"Mjomba, mpige sasa!" mpwa akapaza sauti kutoka juu, halafu nadhani akaniona vizuri, akavuta kamba mwenyewe. Debe likalia mara tatu. Shamba likawa kimya.

Asubuhi nyumbani alimsimulia mama yake yote. Alianza chai ikiwa inatoa moshi. Katika simulizi lake nguruwe naye ana hotuba, tena ndefu kuliko yangu, na ananisubiri kwa heshima nimalize ndipo ajibu. Dada alisikiliza mpaka mwisho, akamwaga chai iliyopoa, akaniangalia miguuni.

"Kaka, ndala nyingine iko wapi?"