Saba Hadi Moja: Yanayofanya Redio ya Asubuhi Isizimwe

Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, Watanzania na Wakenya huwa kwenye kikao kisicho na mwenyekiti. Kikao kiko ndani ya daladala na matatu, kwa mama lishe anayegeuza chapati, kwa fundi cherehani, kwa mlinzi anayemsubiri mwenzake wa zamu ya mchana. Ajenda zinajipanga zenyewe: bei ya petroli, waziri kasema nini, mume aliyehama bila kuaga, na Simba jana kulikoni. Nimezipanga sehemu za vipindi vya redio vya asubuhi kuanzia ya saba hadi ya kwanza. Upangaji ni wangu; anayepinga, laini ziko wazi.

7. Foleni na mawingu

"Ubungo pamefunga, Tazara mwendo wa kinyonga, Mbagala Rangi Tatu usiulize." Tatizo la taarifa hii ya Dar es Salaam ni kwamba anayeambiwa kuna foleni Tazara tayari yuko Tazara, tena pengine ndiye aliyepiga simu kuripoti. Daraja la Mfugale pale Tazara lilifunguliwa 2018, la Kijazi pale Ubungo 2021, na bado ikifika saa moja asubuhi mtangazaji hakosi cha kusema.

Kwenye hali ya hewa utani nauweka pembeni. Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaikaribia pwani, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa, na mvua zikaja kuikata barabara ya kusini huko Kilwa. Mvuvi wa Mafia haamki na kuanza kuperuzi simu. Anawasha redio yake ya betri huku anafungua nyavu. Dakika moja ya taarifa ikimbakiza nchi kavu siku kama ile, kipindi kizima kimelipa.

6. Wawili wasiokubaliana

Mtangazaji mmoja peke yake asubuhi ni mwalimu wa zamu. Wakiwa wawili, ni kijiwe. Radio Jambo ya Nairobi ilimweka Gidi, sauti mojawapo ya "Unbwogable", wimbo uliotikisa kampeni za 2002, akae na Ghost Mulee, kocha aliyeipeleka timu ya taifa, Harambee Stars, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kule Tunisia 2004. Mmoja analeta midundo, mwingine mbinu, na wote wawili wanajua mashabiki wakichoka huwa wanafanya nini. Dar es Salaam nako, Masoud Kipanya alikuwa anachora katuni za kuwakuna wakubwa, kisha asubuhi anaingia studio za Clouds FM kuzisema kwa mdomo. Kanuni ni moja: mmoja aamini, mwenzake atilie shaka. Wakianza kukubaliana kwa kila kitu, badilisha stesheni.

5. Nisamehe, nchi nzima inasikia

Hapa, Kenya imetuacha mbali. Patanisho ya Radio Jambo ni kipengele ambacho mtu anaomba asaidiwe kurudiana na mke, mume, mama mkwe, hata ndugu aliyegombana naye kwa sababu ya shamba. Anapigiwa yule wa upande wa pili, na abiria wote kwenye matatu wananyamaza. Anayeomba radhi saa moja na nusu asubuhi mbele ya nchi nzima, ama anapenda kweli ama usiku ule amelala nje.

Nakipenda kipengele hiki kwa sababu kinawafanya wanaume waseme "nimekosa" kwa sauti, jambo ambalo vikao vya ukoo vimeshindwa kwa miaka. Lakini nina ombi. Yule anayepigiwa aulizwe kwanza, kabla hajawekwa hewani, kama yuko tayari. Na yakitokea maneno ya watoto, au ya kipigo, laini ikatwe na mtu apelekwe kunakohusika. Kipigo hakipatanishwi kati ya matangazo mawili ya sabuni.

4. Mkono

Ukitaka kujua nani kashinda jana, sikiliza nani kachelewa kufika studio. Utani wa klabu za Simba na Yanga una hazina isiyokwisha. Tarehe 6 Mei 2012 Simba waliwapiga Yanga tano bila, na kwa zaidi ya miaka kumi shabiki wa Simba hakuhitaji kusema neno, alinyoosha mkono tu na vidole vikajieleza. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga wakajibu kwa tano moja. Sasa kila upande una mkono wake, na asubuhi mikono inapungiana hewani.

Halafu ikaja ile ya 2025. Mechi ya Machi 8 Simba waligoma kuingia uwanjani wakisema wamezuiwa kufanya mazoezi usiku wa kuamkia mchezo, ikaahirishwa, ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda mbili bila. Miezi mitatu na nusu redio ilikula, ikanywa na ikashiba kwa mechi ambayo haijachezwa. Hilo haliwezekani popote isipokuwa kwetu, na mimi nalionea fahari.

3. Magazeti

Wakongwe wanaijua ile sauti: karatasi inakung'utwa karibu na kipaza sauti, mtangazaji anakohoa kidogo, kisha "Mwananchi leo wanasema..." Kwa muda mrefu redio ilisoma gazeti zima, hadi habari ya ukurasa wa tano na picha ikaelezewa. Mei 2017 Waziri wa Habari wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, aliagiza redio na televisheni ziishie kwenye vichwa vya habari, ili anayetaka undani akanunue gazeti.

Muuza magazeti alikuwa na haki yake, maana mtu akishasomewa yote bure haachii hela kibandani. Ila kichwa cha habari bila habari ni kadi ya harusi isiyotaja ukumbi. Mfikirie mwanakijiji ambaye gazeti linamfikia jioni, kama linafika. Dawa ipo na ni rahisi: mpigieni mwandishi aliyeiandika habari, dakika tano tu, aeleze alichokiona. Gazeti linapata sifa, msikilizaji anapata undani, na mtangazaji anaokoa koo lake.

2. Bei

Hapa watu wanaongeza sauti. Tanzania ni Jumatano ya kwanza ya mwezi, wadhibiti wa nishati, EWURA, wanapotangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Kenya ni tarehe 14, wenzao wa EPRA wanaposema, na bei mpya inaanza usiku huohuo. Bodaboda anaijua tarehe hiyo kuliko siku ya kuzaliwa ya mkewe, na mkewe anajua hilo.

Kipindi kizuri kinaanzia pale tangazo linapoishia. Kwa nini lita ya Tanga haina bei ya lita ya Mtwara? Kwa sababu mafuta yanashushwa bandari tatu, Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, kila moja na gharama zake, kisha lori linaongeza kilomita. Kwa nini yakishuka nauli haishuki? Kwa sababu bei ya mafuta inapangwa na EWURA kila mwezi, nauli ya daladala inapangwa na wadhibiti wa usafiri, LATRA, na LATRA hawana Jumatano yao. Mtangazaji aliyeeleza hivyo kwa dakika mbili kanisaidia kuliko aliyepiga kelele nusu saa kwamba maisha ni magumu. Kwamba ni magumu tuliamka nalo.

Mada nyingine ni lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Mkulima wa viazi wa Njombe anajaziwa gunia mpaka pomoni, kisha linashonewa nyongeza juu, viazi vinapandishwa tena, na malipo ni ya gunia moja. Kila kiongozi anayeingia studio anasema lumbesa ni marufuku. Basi aulizwe swali la pili: mizani iko wapi pale shambani, na nani anaishika? Swali la pili ndilo linalomtoa jasho mgeni mwenye suti.

Na msidhani maneno haya yanapotea hewani. Tozo ya miamala ya simu ilianza Tanzania tarehe 15 Julai 2021. Ikasemwa kwenye vijiwe, kwenye mitandao, redioni kila asubuhi, na ilipofika Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia kamatakamata na usajili wa stoo, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kukaa nao Mnazi Mmoja. Kenya, Mswada wa Fedha wa 2024 ulipotaka kuuwekea mkate VAT ya asilimia 16, hakuna aliyehitaji mchumi wa kumfafanulia. Mkate ulikuwa mezani, na redio ilikuwa kando yake.

1. "Halo, punguza kwanza redio yako!"

Namba moja haina mshindani. Taa ya simu inawaka, mwangwi unarudi mara mbili, mtangazaji anaomba redio ipunguzwe, kuku anawika nyuma, mtoto anaulizwa rimoti iko wapi. Halafu mama mmoja anasema jina lake na mtaa wake, anawasalimia wote wanaomfahamu, na anauliza kwa nini maji hayatoki tangu Jumatatu na bili imekuja. Mkurugenzi yuko studio. Hana katibu muhtasi wa kusema bosi yuko kikaoni. Huyo mama asingemuona mkurugenzi kwa mwezi mzima. Redio imewakutanisha kwa gharama ya dakika mbili za salio.

Kipaza sauti kikiwa na nguvu hivyo, lazima kiheshimiwe. Alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa anga walimfuata mtangazaji Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake, wakampeleka Sauti ya Kenya, wakamlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Jaribio hilo la mapinduzi lilizimwa siku ileile. Mbotela huyohuyo ndiye aliyewauliza Wakenya kwa miongo mingi, "Je, huu ni ungwana?", kipindi kilichoanza 1966 na kilichomfanya ajulikane kila nyumba mpaka alipofariki Februari 2025.

Basi niulize kwa niaba yake. Mtu kapiga simu mara kumi, kakuta laini ina shughuli, kaipata ya kumi na moja, kisha wewe mtangazaji katika sentensi ya pili unamkatiza kwa "asante sana, tunakwenda kwenye matangazo". Je, huu ni ungwana? Mgeni mkubwa anapewa dakika arobaini na glasi ya maji, naye hakatizwi hata akijirudia mara tatu. Na ujumbe mfupi wa maandishi si mbadala, kwa sababu ukisomwa na mtangazaji unapoteza ile sauti inayotetemeka ambayo mkurugenzi alipaswa kuisikia.

Watangazaji wetu, mnafanya kazi ngumu, mnaamka kabla ya muadhini na kabla ya jogoo, na tunawapenda. Punguzeni wimbo mmoja. Msikilizaji akiwa hewani, mwacheni amalize sentensi yake, kisha mgeukieni mkubwa aliye studio mumwambie ajibu.