Nasaha za Matembezi: Mbwa, Paka, Kasuku, na Mbuzi Mmoja Mwenye Jina

Tangu pepo za kaskazi zianze kuvuma, barua zifikazo katika safu hii zimegeuka maudhui: wale waliokuwa wakiuliza habari za mahari, mirathi na mawifi sasa wanauliza namna ya kutoka matembezini pamoja na wanyama wao, na mimi, niliyekubali kazi hii kwa ajili ya kusuluhisha ndoa, naona kwamba elimu yangu ya zamani haikupotea bure, kwa kuwa katika ndoa na katika matembezi haya mara nyingi huwa yuko mmoja mwenye kupanga safari na mwingine asiyeulizwa.

*Mzee Mshauri, shikamoo. Ninaye mbwa mkubwa, wa namna ile iitwayo mbwa wa polisi, jina lake Simba. Jumapili nataka kumpeleka pwani ya Bamburi pamoja na familia, tufike saa sita mchana wakati watu wamejaa, ili apigwe picha za kutosha. Ni mpole mno, hahitaji mnyororo. Majirani wanasema nitaleta balaa. Niwajibu nini? Mwenye Simba, Kisauni.*

Marahaba, Mwenye Simba. Wajibu kwa shukrani, kisha uketi nao uwasikilize, maana jirani aionaye balaa kabla haijabisha hodi ni tunu ambayo mitaa mingi haina. Ama kuhusu saa uliyoichagua, sitakuficha hofu yangu: mwanadamu ameruzukiwa jasho la mwili mzima, lakini mbwa hutoa jasho kidogo tu katika nyayo zake, na joto lililobaki hana budi kulitoa kwa kuhema na kuning'iniza ulimi, basi mbwa mwenye manyoya mazito, ambaye asili ya babu zake ni nchi za baridi, akisimamishwa juani saa sita ya kaskazi kwa ajili ya picha, atahema mpaka kuhema kusimfae tena, na aanzapo kutokwa na mate mazito, kuyumba na kutapika, wakati wa picha huwa umekwisha, na umefika wakati wa kivuli, upepo na kumwagiwa maji mwilini huku mtu mwingine akikimbilia kwa daktari wa mifugo. Mchanga nao usiudharau. Kabla hujamshusha, laza mgongo wa mkono wako juu yake huku ukihesabu polepole hadi saba, na ukiuondoa kabla hujafika, kumbuka kwamba wewe umevaa makubadhi na yeye hakuvaa kitu. Nenda naye alfajiri baada ya sala, au ngoja saa kumi na moja jioni, na siku yenyewe usiichague kwa kalenda ya ukutani peke yake bali uwaulize wavuvi habari za maji, kwa sababu siku za bamvua bahari ikijaa hupanda mpaka kuta za hoteli, na hapo waogaji, wauza madafu, watoto wenye maboya, ngamia wa kupandisha wageni na Simba wako watabanana wote katika ukanda mmoja mwembamba, nami katika barua yako sikuona mahali uliposema kwamba Simba na ngamia wamekwisha kujuana.

Chukua dumu la maji matamu na bakuli lake. Mbwa mwenye kiu hunywa maji ya bahari, na chumvi ile humtapisha na kumharisha, na kwa kawaida hayo hayamfiki ufukoni penye nafasi, bali ndani ya tuktuk mnaporejea, juu ya viti vya mtu mwingine. Zaidi ya yote, mchunge asiokote. Wavuvi wakimkuta bunju wavuni humtupa pale pale mchangani kwa kuwa wanamjua: sumu yake hulegeza viungo kimoja baada ya kimoja mpaka pumzi ikakatika, na dawa ya kuitangua haijapatikana; lakini mbwa hana maarifa hayo, yeye aonacho ni samaki wa bure.

Sasa tuingie katika upole wake. Katika umri wangu wote wa kusoma barua za namna hii sijapata kuletewa habari za mbwa mkali ila aliye wa jirani. Wa mwandishi mwenyewe daima ni mpole, na daima hahitaji mnyororo. Lakini mnyororo haukutengenezwa kwa ajili ya ukali peke yake. Mbwa mpole aliyetoka majini akafurahi, akawaendea kina mama walioketi juu ya mkeka na watoto wao, akajikung'uta katikati yao na kumlamba mmoja mkononi, hakumdhuru mtu, wala hakuwa na nia mbaya. Ila watu wetu wa mwambao wengi ni wa madhehebu ya Shafi, ambayo kwayo mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi ioshwayo mara saba, moja kwa udongo, na hivyo Simba kwa furaha yake ya dakika moja atakuwa amewaachia mama wale kazi kubwa kabla ya sala ya magharibi. Insafu ni wewe kumshika, si wao kuhama. Wala nisieleweke kwamba nawapa hoja vijana warushao mawe kila wamwonapo mbwa, maana dini hiyo hiyo waisingiziayo imetuhadithia habari za mtu aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake ili kumnywesha mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa madhambi yake kwa hisani ile. Na hao warushao mawe sijasikia wameahidiwa nini.

La mwisho ni cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo huanza mbwa afikapo miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Kama hukipati chumbani kwako, basi matembezi yenu ya kwanza na Simba yawe ya kwenda kwa bwana mifugo. Na Mungu apishe mbali, mtu yeyote akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa robo saa nzima, kisha hospitali siku ile ile, bila pilipili wala majani wala fundi wa kusoma. Tangu Louis Pasteur alipoanza kuwachanja walioumwa, mwaka 1885, mtu huokolewa kabla ya dalili kutokea, na zikishatokea ni nadra mno kwa tabibu kupata la kufanya.

*Babu, nashika miguu. Paka wangu Kito hajapata kutoka nyumbani. Nataka sikukuu hii nimpeleke Forodhani jioni akabadilishe hewa. Nimemnunulia utepe wa shingoni na kikapu kizuri. Tangu akione kikapu yuko juu ya kabati na hashuki. Ana nini? Bibi Kito, Mkunazini.*

Bibi Kito, mjukuu wangu, hana kitu. Amekujibu, nawe hukupenda jawabu. Mbwa humfuata mtu wake popote, na penye mtu wake ndipo kwao. Paka yeye kwao ni pale penye kabati lake, dirisha lake, na harufu ya kila kona aliyoipaka shavu lake, na ukimtoa humo ukamweka mahali pageni huwa umemnyang'anya nyumba, hata kama nia yako ilikuwa kumpa dunia. Nawe dunia uliyomchagulia ni Forodhani jioni ya sikukuu! Moshi wa mishikaki, mafuta ya kukaangia, kamba na pweza chini ya taa, watoto wa mji mzima na vipenga vyao vipya, na juu ya hayo paka wenyeji wa pale, mapaka shume wenye masikio yaliyotatuka, ambao wamegawana meza zile kwa mipaka wanayoijua wao na kuitetea kwa makucha. Kito na utepe wake watakaribishwa kwa namna ambayo hutaipenda.

Kikapu usikitupe, kwani iko siku atahitaji daktari. Kiache wazi sakafuni, utandike ndani yake kanga uliyokwisha kuivaa, utie dagaa mmoja kila jioni, na usimwambie neno; atashuka, atakinusa, na baada ya muda utamkuta amelala humo kana kwamba kilikuwa chake tangu awali. Siku ya safari funika juu kwa kitambaa, funga vizuri, na usimbebe mikononi hata kwa hatua chache, kwa kuwa honi moja ya vespa yatosha kumfikisha juu ya paa la Malindi. Sahaba Abu Huraira alipata lakabu yake kwa sababu ya kipaka chake, na mapenzi yake kwa kiumbe yule yamekumbukwa karne kwa karne pasipo kutajwa utepe. Wewe nenda Forodhani peke yako, ule urojo kwa raha, na Kito umletee kipande cha samaki kisichotiwa chumvi wala kitunguu, maana kitunguu kwa paka ni sumu.

*Mjomba, salamu. Ninaye kasuku wa kijivu, msemaji hodari. Jumamosi wakwe zangu watarajiwa watakuja, nasi tutawapeleka kwenye mapango ya Amboni. Nataka kumchukua awafurahishe, ila siku hizi amejifunza matusi mawili matatu. Atayasahau vipi kabla ya Jumamosi? Mchumba, Ngamiani.*

Hatayasahau. Kasuku hasomi kitabu wala hatungi. Hurejea alichokisikia, tena kwa sauti ile ile aliyokisikia, na wakwe zako wakiyasikia matusi yale chini ya dari la mawe ya chokaa lenye kurudisha mwangwi, hawatauliza ndege amejifunza nini bali watageuka wamtazame mwenye sauti. Mwache nyumbani. Tena una sababu nyingine nzuri ya kuwapa: jua kali juu ya kizimba kisicho na kivuli humwua ndege upesi, moshi wa jiko la mkaa mtakalochomea nyama ni adhabu kwa mapafu yake, na parachichi ambalo mama mkwe kwa ukarimu wake atamkatia kipande ni sumu kwake. Kisha angalia kama unacho kibali cha kumfuga, kwa maana biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa mwituni imepigwa marufuku tangu mwaka 2017, na maofisa wa wanyamapori wana haki ya kukuuliza ulimpata wapi. Muda uliobaki hadi Jumamosi utumie katika kuwarekebisha watu wa nyumbani kwako. Anza na yule ambaye kasuku anamwiga.

*Mpenda Safari, Arusha*, aulizaye kama anaweza kumpitisha mbwa wake mdogo ndani ya begi katika lango la hifadhi ya taifa: hapana, hata angekuwa mdogo kama panya. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliingia Serengeti na kuua yapata theluthi ya simba wote wa pale, na wataalamu waliuelekeza ujio wake kwa mbwa wa vijijini pembezoni mwa hifadhi, ambao hawakuwa na hatia yoyote ila kutochanjwa. Ndugu zetu wa Nairobi wana bahati ya Msitu wa Karura, ule ambao Wangari Maathai alishambuliwa akiupigania mwaka 1999, ambamo mbwa huruhusiwa kutembea akiwa kwenye kamba. Wewe jitafutie kilima kisicho na simba.

*Mzee wangu, shikamoo. Nimenunua mbuzi wa Idi ya kuchinja mapema, kabla bei haijapanda. Watoto wamempa jina la Sultani. Sasa wanataka Jumamosi tumpeleke Coco Beach akale mihogo, wanasema ni haki yake aione bahari. Mkubwa wao ameniuliza pia kama ni kweli mbuzi aliyevunjika mguu hafai kwa kuchinja. Nikamjibu ni kweli, nikafurahi kwamba chuoni anasoma. Tumsafirishe vipi? Baba Watano, Magomeni.*

Marahaba, Baba Watano. Kwa usafiri, mbuzi hafungwi miguu akaning'inizwa kichwa chini juu ya bodaboda, ingawa twaona hivyo kila siku. Husimamishwa nyuma ya kirikuu, juu ya nyasi kavu ili asiteleze, asubuhi na mapema, akiwa na mtu wa kumshika. Mihogo ya kuchoma kidogo haitamdhuru, ila chachandu mwondolee, na maganda mabichi ya mihogo pamoja na majani yake mweke navyo mbali, kwa kuwa aina chungu zina sumu iliyokwisha kuua mbuzi wengi. Pale penye mawe ya matumbawe mshike kwa kamba fupi, kwa sababu kwato zake zilizoea mchanga wa Magomeni.

Baada ya kusema hayo, nimeisoma barua yako mara ya pili, hasa habari za mtoto wako mkubwa, na elimu ya fikihi ya mtoto huyu imenistaajabisha. Mnyama wa kuchinja kwa Idi hapaswi kuwa kilema, wala chongo, wala mgonjwa wa dhahiri, wala aliyekonda akaishiwa uboho. Hayo yote bila shaka ameyasoma vizuri. Lililonishughulisha ni kwamba baada ya kuyasoma alichagua matembezi ya penye mawe. Mimi si kadhi na sitamhukumu mtoto kwa dhana, lakini kama ningekuwa wewe, kamba ya Sultani siku hiyo ningeishika mwenyewe.

Na baada ya hapo, Baba Watano, tukubali kwamba mbuzi aliyekwisha kupewa jina, akapelekwa baharini, akapigwa picha amevaa kofia ya mtu, nyumba hiyo haina mkono wa kumchinja. Nenda mnadani wiki hii ukanunue mwingine, uende peke yako, umlete usiku watoto wamelala, na wakiuliza asubuhi anaitwa nani, waambie hasemi Kiswahili.